Gazeti Ni la Nani? Miaka Mia ya Wasomaji Kulalamika

Leo ni historia, lakini ni historia ya kitu unachofanya kila siku: kulalamika.

App ikibadilisha sura usiku, asubuhi tunalia. Ukurasa ukianza kujaa matangazo, tunalia. Msee tuliyempenda kwa ucheshi akianza kuuza mafuta ya ngozi, tunamwambia waziwazi kwamba ameuza roho. Wazee wanadhani hii ni tabia ya kizazi chetu, ati sisi hatutosheki. Si kweli. Wasomaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiwaambia wenye magazeti wanachopenda na wasichopenda kwa miaka mia moja sasa.

Na ukifuatilia hayo malalamiko, kuna kitu kinajirudia. Msomaji huulizwa kuhusu sura na yaliyomo. Jalada liwe na picha gani, hadithi ziwe ndefu au fupi, lugha iwe ya mtaa au ya darasani. Lakini swali la nani analipa, na nani anaweza kuuza gazeti lote kesho, hilo huamuliwa kwenye chumba kingine na hakuna anayekuita. Kusikilizwa ni kitu kimoja. Kumiliki ni kitu kingine kabisa. Nitakuonyesha kwa mifano.

Kwanza, nani ni msomaji?

Kabla hujasema magazeti ni mambo ya wazee: hapa Londiani nyumba nyingi za zamani ni za mbao, na baridi yetu unaijua. Watu walibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga ili upepo usipenye kwenye nyufa. Kuna watoto waliojifunza kusoma wakiwa wamelala, wakitazama ukuta. Gazeti moja lilinunuliwa na mwalimu, likasomwa na majirani, likabandikwa ukutani au likafunga mandazi pale stage. Kwa hivyo ninaposema "wasomaji" simaanishi wanunuzi tu. Namaanisha kila aliyelisoma, hata miaka mitano baadaye, hata akiwa amesoma nusu kwa sababu nusu nyingine iko nyuma ya kabati.

Watu wa aina hiyo ndio nataka kuwaongelea.

Mambo Leo: ongeeni, lakini si kila kitu

Januari 1923, serikali ya Waingereza huko Tanganyika ilianza kutoa jarida la kila mwezi kwa Kiswahili kupitia Idara ya Elimu, Dar es Salaam. Jina lake Mambo Leo. Ndani kulikuwa na habari za serikali, mafunzo ya kilimo na afya, hadithi, na habari fupi za wilayani zilizotumwa na wasomaji wenyewe. Wengi wa wasomaji hao walikuwa walimu, makarani na vijana waliopitia shule za misheni au za serikali.

Serikali ilitaka darasa. Wasomaji wakaligeuza baraza. Walileta barua, walileta mafumbo, na zaidi ya yote walileta mashairi, tena mengi. Kwa Mswahili wa wakati ule shairi lilikuwa njia ya kujibu. Mtu anauliza swali kwa shairi, na mwingine wa mji wa mbali anamjibu kwa shairi lake katika toleo la baadaye. Ni kama sisi tunavyojibizana chini ya posti, ila wao walingoja wiki nyingi na ilibidi uhesabu mizani kabla ya kumtukana mtu. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani karibu na Tanga, ni mmoja wa waliochapisha mashairi yao humo. Leo tunamfundishwa shuleni kama mnara. Wakati ule alikuwa karani anayetuma kazi yake kwenye jarida na kungoja kama watu watamjibu.

Kwa hivyo ndiyo, wasomaji walilibadilisha lile jarida. Lakini angalia mpaka ulikuwa wapi. Ungeweza kubishana kuhusu lugha, adabu na ndoa. Hungeweza kuuliza kwa nini unalipa kodi ya serikali ambayo hukuichagua. Mwenye kulipa mpigachapa alikuwa ni serikali hiyohiyo.

Hata lugha yenyewe iliamuliwa kwingine. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa na Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ulifanyika Mombasa, halafu Kimvita cha Mombasa kikaachwa nje. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikaanza kazi ya kusimamia Kiswahili cha vitabu. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Watu waliokuwa wakitunga mashairi kwa karne nyingi wakaanza kusahihishwa na watu waliojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima. Ukiskia mtu leo anasema Sheng inaharibu lugha, kumbuka pia hicho sanifu anachokitetea kilikaliwa kikao.

Waliochoka kuomba ukurasa

Sasa msomaji akichoka kusikilizwa nusu anafanya nini? Wengine waliacha kuandika barua wakaanzisha yao.

Dar es Salaam kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mganda, anaitwa Erica Fiah. Ni mwanamume, usichanganyikiwe na jina. Novemba 1937 alianzisha gazeti la Kiswahili akaliita Kwetu. Linatambuliwa kuwa gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Weka majina mawili pamoja uone. Mambo Leo ni yale yanayotokea siku hizi, mtu anakusimulia. Kwetu ni hapa, nyumbani, na mwenye nyumba ni mimi.

Huku Kenya mfano wangu ninaoupenda zaidi ni Henry Muoria. Huyu alikuwa gadi wa treni. Hakuwa na digrii. Uandishi wa habari alijifunza kwa barua, kozi ya kutumiwa masomo kwa posta kutoka London. Mwaka 1945 akaanzisha gazeti lake la Gĩkũyũ, Mumenyereri, na likakua haraka kwa sababu liliongea mambo ambayo magazeti ya Wazungu hayakuyagusa: ardhi, mishahara, elimu. Mimi niliyeacha chuo kikuu nikisoma hadithi yake nasimama kidogo. Sisemi uache shule, tafadhali usimwambie mamako nimesema hivyo. Nasema tu kwamba kibali cha kuandika hakikutoka chuoni.

Lakini kumiliki kuna bei. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya Waafrika yalipigwa marufuku, na Mumenyereri lilikuwemo. Muoria alikuwa London wakati huo. Hakurudi kuishi Kenya. Alikaa uhamishoni huko na kufa huko mwaka 1997. Na Tanganyika, mwaka 1958, Julius Nyerere alishtakiwa kwa kukashifu kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Msomaji wa Mambo Leo aliyelalamika hakufikishwa kortini. Aliyemiliki karatasi yake ndiye aliyefikishwa.

Drum: gazeti lililobadilishwa na wasomaji kabisa

Huu ndio mfano mkubwa. Tusafiri kidogo hadi Afrika Kusini, halafu utaona jinsi unavyorudi kwetu.

Mwaka 1951 jarida lilianza Cape Town likiitwa The African Drum. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Bob Crisp, Mzungu aliyewahi kuichezea Afrika Kusini kriketi. Lilikuwa na hadithi za mababu, machifu, mashairi, ngoma za makabila. Yaani lilikuwa jarida la Waafrika kama Mzungu mwenye nia njema anavyowawaza. Na halikuuza.

Mwenye pesa alikuwa Jim Bailey, rubani wa zamani wa vita na mtoto wa tajiri wa migodi, Abe Bailey. Alilichukua, akalihamishia Johannesburg, akamleta rafiki yake kijana kutoka Uingereza, Anthony Sampson, awe mhariri. Sampson hakujua mengi kuhusu Waafrika, lakini alifanya kitu kimoja cha akili: alienda kuwauliza. Wasomaji wa Johannesburg walimwambia bila kumficha kwamba hawataki machifu na ngano. Wanaishi mjini. Wanataka jazz, ndondi, mpira, waigizaji wa filamu, wasichana warembo, na habari za maisha yao wenyewe. Ukilisoma, walisema, unasikia kabisa kwamba ni Mzungu anaongea.

Basi jarida likageuzwa. Jina likafupishwa likawa Drum. Jalada likapata nyuso za watu wa mjini. Mpigapicha Mjerumani, Jürgen Schadeberg, akawa na kazi usiku na mchana. Todd Matshikiza aliandika kuhusu jazz. Can Themba aliingia kwa kushinda shindano la hadithi fupi la jarida hilohilo, yaani msomaji akawa mwandishi.

Halafu kukawa na Henry Nxumalo. Machi 1952 Drum lilichapisha uchunguzi wake kuhusu mashamba ya viazi ya Bethal, ambako vibarua Waafrika walikuwa wakiteswa. Nxumalo alienda mwenyewe akajiandikisha kama kibarua. Sisi wa Londiani tunaolima viazi, hebu waza mtu anavuna viazi chini ya kiboko. Mwaka 1954 akajitia kuvunja sheria ya pasi ili afungwe aone jela ya Johannesburg kwa macho yake. Aliuawa akiwa kwenye uchunguzi mwingine.

Kwa hivyo usidharau kusikilizwa. Kusikiliza wasomaji kuliitoa Drum kwenye ngano na kuifikisha Bethal. Kufikia 1957 ilikuwa na toleo la Afrika Mashariki, na jina Drum likawa la kawaida Nairobi, Kampala na Dar.

Pia kulikuwa na uongo wake, tuseme ukweli. Drum lilikuwa na safu ya ushauri wa mapenzi iliyotumia jina na uso wa mwimbaji Dolly Rathebe. Wasichana na wavulana walimwandikia Dolly siri zao zote. Waliokuwa wakijibu ni wanaume wa ofisini. Ukidhani akaunti bandia zilianza na intaneti, pole.

Sasa sehemu inayouma. Mwaka 1984 Jim Bailey aliuza Drum. Aliyenunua ni Nasionale Pers, kampuni tunayoijua leo kama Naspers. Kampuni hiyo ilianza 1915 na gazeti lake la kwanza lilihaririwa na D.F. Malan. Malan huyohuyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1948 na kuanzisha apartheid rasmi. Kwa miaka mingi magazeti ya kampuni hiyo yaliiunga mkono serikali hiyo. Jarida lililofichua Bethal likaishia mikononi mwa nyumba iliyokuwa upande wa pili.

Wasomaji waliulizwa kuhusu jazz. Waliulizwa kuhusu jalada. Siku ya kuuza hakuna aliyewaandikia barua.

Na usidhani hii iko mbali na wewe. Mwaka 2001 Naspers ilinunua sehemu kubwa ya kampuni changa ya China inaitwa Tencent. Ukicheza PUBG kwa simu, unacheza mchezo wa Tencent. Pesa ya magazeti ikahamia kwenye simu yako, na hapo pia hukuulizwa.

Joe na Shujaaz

Turudi Nairobi. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la ucheshi, Joe. Ng'weno alikuwa amesoma Harvard na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Nation. Hirst alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya miaka ya sitini kufundisha sanaa. Joe mwenyewe ni mtu wa kawaida wa mjini, mshahara mdogo, baa, matatizo, anacheka ili asilie. Lilikuwa na katuni, hadithi fupi na barua kwa Joe. Wasomaji waliliona kama lao kwa sababu hatimaye mtu aliyechorwa alifanana na mjomba wao. Lilitoka hadi 1979.

Ng'weno mwenyewe alikuwa ameshaanzisha The Weekly Review mwaka 1975, kisha The Nairobi Times mwaka 1977. Mwaka 1983 The Nairobi Times likauzwa kwa KANU, chama tawala, likageuka kuwa The Kenya Times. Fikiria wewe ni msomaji uliyelipenda kwa sababu linauliza serikali maswali. Unaamka, jina limebadilika, na mwenye gazeti ni walewale walioulizwa. Hiyo ndiyo naiita kubadilisha sura.

Halafu kizazi chetu. Mwaka 2010 kulitoka Shujaaz, kitabu cha katuni cha kila mwezi kwa Sheng, bure. Kilikuwa ndani ya gazeti, na kwenye vibanda vya M-Pesa pia ulikipata. Shujaa mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Vijana walimtumia Boyie ujumbe kwa simu kana kwamba ni mtu halisi, na mawazo yao yakarudi kwenye hadithi. Ukikumbuka ile mbinu ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue, hiyo ilipita humo. Mwaka 2012 Shujaaz lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Mimi nalipenda. Lilionyesha kwamba unaweza kuongea na kijana kuhusu kilimo, uchaguzi na pesa kwa lugha anayoiongea kwenye mathree, bila kumhubiria. Lakini kulikuwa bure kwa sababu kuna mtu mwingine alilipa, na mwingi wa mchango huo ulitoka kwa wafadhili. Sio dhambi. Mambo Leo pia lilifundisha watu kweli. Ila ukipewa kitu bure kwa miaka mingi, huwezi kushangaa siku aliyekuwa akilipa akibadilisha mawazo.

Kericho tunaielewa hii

Watu wa huku hatuhitaji profesa kutueleza. Mwaka 2023 kampuni ya Finlays iliuza mashamba yake ya majani chai ya Kericho kwa Browns ya Sri Lanka. Mwaka uliofuata mashamba ya Lipton nayo yakaenda kwa Browns. Mchuma chai aliamka akaona kibao kipya barabarani. Angeweza kuwa na maoni kuhusu rangi ya kibao, kuhusu sare, hata kuhusu mizani ya kupimia. Na maoni hayo yana maana, mizani ikidanganya unalala njaa. Lakini shamba lilikuwa limeshauzwa.

Kurasa tunazosoma na kuandikia ni vivyo hivyo. Hizi posti zangu ziko kwenye shamba la mtu. Naweza kulima vizuri, majirani wakaja, tukacheka. Mwenye shamba akiamua kujenga hoteli, nitapewa notisi, au sitapewa.

Basi tufanye nini?

Sisemi tuache kulalamika. Malalamiko ndiyo yaliyoigeuza Drum. Nasema tulalamike mahali pa haki. Jarida, chaneli au app unayoipenda ikija na sura mpya, usiishie kwenye rangi. Uliza maswali matatu.

Moja, nani analipa? Kama si wewe, kuna mtu anayemfurahisha kabla yako.

Mbili, nani anaweza kuuza? Tafuta jina la kampuni. Dakika kumi za bando zinatosha.

Tatu, maneno yetu yataenda wapi? Barua na mashairi ya Mambo Leo bado yanasomwa kwa sababu yalichapwa kwenye karatasi na mtu akaihifadhi maktabani. Pale McMillan, Nairobi, bado kuna magazeti ya zamani. Malumbano yetu ya mwaka huu, yenye akili na yenye matusi, yatasomwa wapi mwaka 2100?

Na kama unaweza, anzisha chako. Kidogo. Kurasa nne zilizotolewa fotokopi pale saiba, za klabu ya shule au timu ya mpira. Shilingi tano tano za wasomaji kumi. Fiah alianza akiwa mwenye duka. Muoria alikuwa gadi wa treni. Reli hiyo inapita hapa Londiani mpaka leo, na gharama ya kuchapisha kurasa nne ni ndogo kuliko bando lako la mwezi.

Lakini ukianzisha, na wasomaji wakaanza kukulalamikia kuhusu jalada, wasikilize. Halafu waambie pia nani analipa.